Paul Ehrlich: Tabibu aliyeipaka damu rangi akauona ukoo wake

Mgonjwa anayepimwa damu Kigoma, Kisumu, Bukavu au Gitega hurudi kwa daktari na karatasi yenye safu ya majina magumu: neutrofili, eosinofili, basofili, limfosaiti. Mbele ya kila jina kuna tarakimu. Daktari huipitisha macho mara moja, akasema huenda kuna minyoo, au kuna maambukizi ya bakteria, au askari wa mwili wamepungua. Ni wagonjwa wachache wanaouliza majina hayo yalitoka wapi. Matatu ya mwanzo yalitungwa na kijana mmoja wa Kijerumani ambaye baadhi ya walimu wake walikuwa na shaka kama angemaliza masomo ya udaktari, na ambaye vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi tangu ujana.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, uliokuwa chini ya Prussia wakati ule na ambao leo uko Poland kwa jina la Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake, Ismar, alikuwa na nyumba ya wageni na alitengeneza pombe kali. Mama yake, Rosa, alitoka katika ukoo wa Weigert, na bahati ya Paul ilianzia huko. Ndugu mmoja wa upande huo, Karl Weigert, aliyemzidi Paul kwa miaka tisa, alikuwa daktari aliyeanza kutumia rangi mpya za viwandani kupaka vipande vya nyama ya mwili ili vionekane vizuri kwenye hadubini. Kijana alipotazama kazi ya ndugu yake, hakutaka tena kitu kingine.

Rangi hizo zilikuwa za anilini, zilizopatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe. Viwanda vya Ujerumani vilizitengeneza kwa ajili ya nguo. Jambo lililomkosesha Ehrlich usingizi ni kwamba rangi haishiki kila mahali. Anayepaka hina anajua kuwa inakolea kiganjani kuliko mgongoni mwa mkono, na kuwa kucha huishika muda mrefu zaidi. Ehrlich aliuliza kwa nini. Ikiwa rangi moja inashikamana na sehemu hii ya seli na kuikataa ile, basi lazima pana kitu cha kikemia kinachovutana baina yao. Swali hilo moja alitembea nalo maisha yake yote, kutoka kwenye rangi hadi kwenye sumu, kutoka kwenye sumu hadi kwenye dawa.

Alisoma Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Strassburg, meza yake ilijaa madoa ya kila rangi, na mwalimu wake wa anatomia, Waldeyer, alikuwa na busara ya kumwacha aendelee. Inasimuliwa kwamba mwaka 1876 Robert Koch alipofika Breslau kuonyesha kazi yake juu ya kimeta, alionyeshwa kijana huyu akiwa ameinamia vichupa vyake, akaambiwa kuwa ni hodari wa kupaka rangi lakini mitihani hatafaulu kamwe. Alifaulu. Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 24, alipata shahada ya udaktari Leipzig kwa tasnifu iliyohusu upakaji rangi tu, kisha akaajiriwa katika hospitali ya Charité, Berlin, chini ya Profesa Frerichs, mkubwa ambaye hakuwa na mazoea ya kuwabana vijana wake.

Hapo ndipo alipoigeukia damu. Kabla yake, madaktari waliitazama ikiwa mbichi. Chembe nyekundu zilionekana vizuri, lakini zile nyeupe zilikuwa kama matone ya maji yasiyotofautiana, na mtu angeweza kudhani kuwa zote ni kitu kimoja. Ehrlich alitandaza tone la damu juu ya kioo mpaka likawa jembamba kama utando, akaliacha likauke, akalipasha moto, ndipo akalipaka rangi. Kazi ndogo ya mkono, lakini hadi leo fundi wa maabara anayetafuta vimelea vya malaria katika zahanati yoyote ya ukanda huu anafuata njia inayotokana na hiyo, na ndani ya rangi anayotumia mna eosini na methilini bluu, ambazo Ehrlich alizijua kama mpishi anavyojua chumvi yake.

Kilichotokea chini ya hadubini kilimshangaza yeye mwenyewe. Baadhi ya chembe nyeupe zilikuwa na punje ndani yake zilizoivuta eosini na kuwaka nyekundu. Akaziita eosinofili, yaani zinazoipenda eosini. Nyingine zilivuta rangi za aina ya besi. Hizo ni basofili. Nyingine, zilizo nyingi kuliko zote, hazikuelemea upande wowote, zikachukua rangi ya katikati, akaziita neutrofili. Na kulikuwa na zile ndogo za mviringo, zisizo na punje za namna hiyo, ambazo ni limfosaiti. Kati ya mwaka 1879 na miaka michache iliyofuata, kundi lililoonekana kuwa la watu wa aina moja likawa mji wenye koo mbalimbali.

Mtu akishajua koo, huuliza kwao ni wapi. Miaka kumi hivi kabla, mwaka 1868, Ernst Neumann wa Königsberg alikuwa ametangaza jambo ambalo wengi hawakutaka kulisadiki: kwamba damu huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Ehrlich alichukua rangi zake akaenda kutazama. Katika uboho alikuta chembe zenye punje zikiwa wakubwa kwa wadogo, zilizokomaa na zisizokomaa. Katika mitoki na bandama alikuta limfosaiti. Akatoa hukumu ambayo aliishikilia mpaka mwisho: chembe nyeupe zina nyumba mbili. Zenye punje ni za uboho, limfosaiti ni za mitoki na bandama, na baina ya nyumba hizo pana ukuta. Hakuna chembe inayoweza kuhama ukoo.

Kwa wagonjwa hukumu hiyo ilikuwa na maana kubwa. Saratani ya damu ilikuwa ikijulikana kama ugonjwa wa damu kuwa nyeupe. Sasa daktari aliweza kupaka tone moja rangi na kujua ni nyumba ipi iliyovamiwa. Hospitali bado zinaugawa ugonjwa huo kwa mstari uleule.

Mwaka 1888 Ehrlich aliandika habari za mwanamke mjamzito mwenye umri wa miaka 21. Alikuwa amepungukiwa na damu kwa kasi ya kutisha, ana homa, anatokwa na damu, na hakuna tiba iliyomsaidia. Alikufa. Ehrlich alipochunguza mifupa yake, mahali palipopaswa kuwa na uboho mwekundu unaofanya kazi alikuta mafuta. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Damu ya mwanamke yule haikuwa imeliwa na ugonjwa wala kumwagika yote, ilikuwa haizaliwi. Hakukosa chembe nyekundu peke yake, alikosa na walinzi. Ugonjwa huo wa uboho kukauka bado upo, na maelezo yake ya kwanza ni hayo ya Ehrlich. Ni vigumu kusoma kisa hicho bila kuona kwamba mgonjwa mmoja alikuwa amemwonyesha kitu ambacho nadharia yake ya kuta na nyumba mbili haikukieleza sawasawa: kwa nini vitu vingi namna ile viishe pamoja, kama havina chimbuko moja? Hakulifuata swali hilo.

Mambo mengine yalikuwa yamemlemea. Mwaka 1883 alikuwa amemwoa Hedwig Pinkus, wakajaliwa mabinti wawili. Frerichs alifariki mwaka 1885 na bosi mpya hakuwa na subira na mtu wa vichupa. Milango ya uprofesa ilikuwa migumu kwa Myahudi ambaye hakukubali kubatizwa ili apate cheo. Kisha akaanza kukohoa. Mwaka 1882, siku chache tu baada ya Koch kutangaza kuwa amemwona mdudu wa kifua kikuu, Ehrlich alikuwa amegundua njia bora zaidi ya kumpaka rangi. Inasimuliwa kwamba aliacha vioo juu ya jiko usiku, asubuhi mtumishi akawasha moto bila kujua, na joto likakamilisha kazi. Sasa kwa njia yake hiyohiyo alimkuta mdudu katika makohozi yake mwenyewe. Alikwenda Misri na mkewe kutafuta hewa kavu, akakaa huko kipindi kirefu, akarudi mwaka 1889 akiwa na nafuu lakini hana kazi.

Koch alimchukua. Katika taasisi ya Koch mjini Berlin, Ehrlich aliacha kuuliza walinzi wanatoka wapi, akaanza kuuliza wanapiganaje. Alichukua risini, sumu iliyomo katika mbegu za mbarika, na abrini, sumu ya zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutungia shanga. Aliwalisha panya kiasi kidogo mno cha risini, akaongeza polepole, mpaka wakastahimili mamia ya mara ya kiasi ambacho kingewaua. Kisha akafanya jaribio zuri kuliko yote. Aliwachukua watoto wa panya ambao mama yao hakuwa na kinga, akawanyonyeshea kwa mama mwenye kinga. Watoto wale wakawa na kinga. Kumbe maziwa ya mama hupitisha silaha za damu, ingawa baada ya muda hupungua nguvu. Mkunga anayemhimiza mzazi anyonyeshe mapema anaye shahidi wa mwaka 1892.

Ujuzi huo uliiokoa dawa ya dondakoo. Emil Behring alikuwa amegundua kuwa maji ya damu ya mnyama aliyepewa kinga yanaweza kumponya mtoto anayekabwa na ugonjwa huo, lakini dozi ilikuwa ya kubahatisha. Ehrlich ndiye aliyebuni kipimo cha nguvu za dawa hiyo. Behring alitajirika, na mwaka 1901 akapata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba. Urafiki wao ukapoa. Ehrlich alipewa taasisi ndogo Steglitz mwaka 1896, kisha kubwa zaidi Frankfurt mwaka 1899. Huko alijulikana kwa sigara kubwa zisizozimika, kiboksi chake kikiwa kwapani, na kwa vikaratasi vya rangi alivyowaandikia wasaidizi kila siku, akiwaambia la kufanya.

Nadharia aliyoitoa mwaka 1897, na kuieleza kwa michoro mjini London mwaka 1900, ilikuwa hivi. Juu ya seli kuna vishikio, kila kimoja na umbo lake. Sumu ikija, hunasa kwenye kishikio kinacholingana nayo, kama ufunguo na kitasa. Seli hujibu kwa kutengeneza vishikio vya aina hiyo kupita kiasi, mpaka vinabanduka na kuelea katika damu. Hivyo vinavyoelea ndivyo kingamwili. Maana yake ni kwamba mwili haungoji adui aje ndipo ufue upanga. Panga za kila namna ziko ukutani tayari, na adui akija huchaguliwa ule unaomfaa. Aliongeza kwamba mwili lazima una namna ya kuogopa kujishambulia wenyewe. Wengi waliicheka michoro yake, na baada ya kifo chake nadharia hiyo iliwekwa kando kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1908 alipata Nobel pamoja na Mrusi Ilya Mechnikov, aliyegundua kuwa chembe nyeupe hula vijidudu. Mmoja alitetea seli, mwingine alitetea maji ya damu; kamati ikawaweka meza moja. Cha ajabu ni kwamba Ehrlich alikuwa na pande zote mbili mkononi. Alikuwa amezichora limfosaiti, na alikuwa ameichora seli yenye vishikio inayomwaga kingamwili. Hakujua kuwa zilikuwa picha mbili za kitu kimoja. Ilibidi ipite nusu karne ndipo ithibitike kuwa seli zinazobeba vishikio vile ni limfosaiti zilezile ndogo zisizo na punje.

Ukuta wake nao ulianza kupigwa nyundo akiwa hai. Mwaka 1909, Mrusi mwingine, Alexander Maximow wa St Petersburg, alisema kuwa damu yote, nyekundu na nyeupe, yenye punje na isiyo na punje, inatokana na seli moja ya shina. Alidhani mama huyo anafanana na limfosaiti. Shule ya Ehrlich ilikataa. Ubishi ulikuwa mkali, maana hakuna aliyeweza kuifuata seli moja kwa macho tangu kuzaliwa hadi kukomaa; kila upande ulikuwa na vioo vilivyopakwa rangi, vimetulia, na rangi huonyesha sura tu, haisimulii safari. Mtaalamu mkuu wa kupaka rangi duniani alikuwa amefika mwisho wa chombo chake.

Wakati huo akili yake ilikuwa kwingine, na sehemu ya sababu ilitokea Ziwa Victoria. Malale yalikuwa yakiangamiza watu kando ya ziwa, na Koch alikuja Afrika Mashariki mwaka 1906, akaweka kambi visiwa vya Ssese, Uganda. Alitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka katika damu ya wagonjwa, kisha vikarudi. Dozi ilipoongezwa, baadhi yao walipofuka macho na hawakuona tena. Frankfurt, Ehrlich na mkemia wake Alfred Bertheim walikuwa wanaichunguza dawa hiyohiyo. Mwaka 1907 waligundua kuwa muundo wake wa kikemia ulikuwa umeelezwa vibaya, na kwamba inawezekana kuubadilisha. Wakatengeneza mamia ya aina. Ya 606, iliyojaribiwa upya na Mjapani Sahachiro Hata mwaka 1909, iliua mdudu wa kaswende. Iliuzwa mwaka uliofuata kwa jina la Salvarsan, ikatumika pia kwa buba. Macho ya watu wa Ssese hayatajwi sana katika habari za ushindi huo.

Dawa hiyo ilimletea sifa duniani na maadui nyumbani, waliomshtaki magazetini kwa kila mgonjwa aliyedhurika. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa amechoka. Alifariki tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg, akiwa na miaka 61, akazikwa Frankfurt katika makaburi ya Wayahudi. Barabara iliyopita mbele ya taasisi yake ilikuwa na jina lake. Wanazi waliliondoa mwaka 1938. Hedwig, mjane mzee, alilazimika kuikimbia nchi, akapitia Uswisi hadi Marekani, akafia huko mwaka 1948. Maximow naye alikuwa ameshakuwa mkimbizi: mwaka 1922 alitoroka Urusi ya mapinduzi kupitia Finland, akafundisha Chicago, akafariki mwaka 1928. Wapinzani wale wawili hawakupata kujua nani alishinda.

Jibu lilitoka Toronto mwaka 1961. James Till na Ernest McCulloch waliwachukua panya ambao uboho wao uliuawa kwa mionzi, wakawadunga seli za uboho wa panya wazima. Baada ya siku kumi hivi, vinundu viliota kwenye bandama, na baadaye ikathibitika kuwa kila kinundu kilitokana na seli moja tu, huku ndani yake mkiwa na chembe nyekundu na zile zenye punje pamoja. Majaribio ya miaka iliyofuata yaliziunganisha na limfosaiti katika asili hiyohiyo. Maximow alikuwa sahihi kuhusu shina.

Lakini ukuta wa Ehrlich haukuvunjika wote. Seli shina ikigawanyika, mapema kabisa njia hutengana: tawi moja huelekea kwenye zile zenye punje na wenzake, tawi jingine kwenye limfosaiti. Vitabu huyaita matawi hayo kwa majina mawili, la uboho na la limfu, yaani nyumba zilezile mbili. Ni nyumba za ndugu wa tumbo moja. Baadhi ya limfosaiti hukomaa palepale ubohoni, zikijitengenezea vishikio karibu kama vile vya michoro ya mwaka 1900, kila seli na umbo lake, kabla hazijakutana na adui yeyote. Nyingine huondoka zikiwa changa, husafiri kwa damu hadi tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo hadi mwaka 1961 wengi waliidhania haina kazi kubwa. Huko hupewa mtihani. Zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huuawa, na sehemu kubwa haitoki hai. Katika zinazofaulu wamo wale wanaohesabiwa katika kipimo cha CD4, ambacho kila familia iliyoishi na virusi vya Ukimwi inakijua.

Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wamepandikizwa uboho. Uboho wa zamani wa mgonjwa huuawa kwanza kwa dawa kali, na kwa siku kadhaa mtoto hubaki bila walinzi, kama yule mwanamke wa mwaka 1888. Kisha seli shina za mtu mwingine humiminwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida, zikatafuta zenyewe njia ya kuingia mifupani. Kila siku maabara hupima damu, kungoja neutrofili za kwanza zionekane.